Bushi za Springi katika Gari la Zamani: Jinsi ya Kuchagua Maada Ifaayo

Gari linapofikisha umri wa miaka 40 au 50, aghalabu injini ndiyo inayoangaliwa kwanza. Mwenye gari husikiliza mlio wake, hupima oili, hubadilisha plagi na kusafisha kabureta. Hata hivyo hutokea mara nyingi kwamba injini ni nzima kabisa, lakini gari halitulii barabarani. Dereva ameushika usukani ukiwa umenyooka, nalo gari linayumba kulia na kushoto. Akikanyaga breki, sauti ya chuma kugonga chuma husikika chini ya sakafu. Ubovu wa namna hiyo mara nyingi hutoka katika kipande kidogo kiwezacho kufumbatwa katika kiganja cha mkono, nacho ni bushi ya springi.

Fundi akiitoa bushi hiyo, huukuta mpira wake umepasuka. Hapo huzuka wazo linaloonekana kuwa la busara: ikiwa mpira laini umepasuka, basi mahali pake pawekwe kitu kigumu zaidi, kitakachodumu. Wengine hutaka poliyurethani, wengine nailoni, na wengine hutaka shaba kabisa. Wazo hili lina ukweli kidogo na kosa kubwa ndani yake. Ugumu na uimara ni sifa mbili tofauti za maada, na mtu asiyezitenga anaweza kutumia fedha nyingi, akapata bushi isiyokatika, kisha akaona chesisi ikipasuka badala yake. Madhumuni ya makala haya ni kueleza tofauti hiyo kwa kutumia fizikia na kemia zifundishwazo katika shule za sekondari.

BUSHI NA MAHALI PAKE

Mfano utakaotumiwa hapa ni Land Rover ya zamani. Gari hili lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza tarehe 30 Aprili 1948 katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, nchini Uholanzi. Liliundwa Solihull, Uingereza, na aina zake zijulikanazo kama Series I, Series II na Series III ziliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1985. Katika Afrika ya Mashariki lilitumiwa sana na idara za serikali, wahifadhi wa wanyama, misheni na wakulima, na mengine yangali yakitembea hadi leo.

Land Rover hizo zina springi za mabamba. Springi ya namna hii ni fungu la mabamba marefu ya chuma cha pua, yaliyopindwa kidogo na kupangwa moja juu ya jingine. Ncha mbili za bamba kuu zimekunjwa zikawa vitanzi. Kitanzi kimoja hufungwa kwenye chesisi kwa bolti. Kitanzi cha pili hushikwa na vipande viwili vya chuma vinavyoning'inia kutoka kwenye chesisi, ambavyo katika makala haya vitaitwa vikono. Vikono ni vya lazima, kwa kuwa springi iliyopindika hurefuka inaponyooshwa na uzito, na urefu huo wa ziada ni lazima upate mahali pa kwenda.

Ndani ya kila kitanzi mna bushi, na ndani ya chesisi, pale vikono vinaponing'inia, mna bushi nyingine. Kwa hiyo kila springi ina bushi tatu, na gari zima lenye springi nne lina bushi kumi na mbili. Kila bushi ina sehemu tatu: bomba la nje la chuma, bomba la ndani la chuma, na mpira uliobanwa kati ya mabomba hayo. Bomba la nje hushindiliwa ndani ya kitanzi mpaka lisizunguke. Bomba la ndani hubanwa na bolti mpaka nalo lisizunguke. Springi inapocheza, kitu pekee kinachoweza kusogea ni mpira wenyewe.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbukwa. Bushi ya mpira haitelezi. Inajisokota na kurudi. Kwa sababu haitelezi, haihitaji grisi, wala haili chuma kilichoizunguka.

KAZI TATU ZA BUSHI

Kazi ya kwanza ni kuiruhusu springi igeuke juu ya bolti yake wakati gurudumu linapopanda na kushuka.

Kazi ya pili ni kuishika ekseli mahali pake. Katika gari la springi za mabamba, springi hazibebi uzito tu. Ndizo pia zinazoizuia ekseli isisogee mbele, nyuma au pembeni. Bushi ikilegea, ekseli hukaa upande, na magurudumu hayaelekei tena pale usukani unapoelekeza. Hatari ya bushi mbovu inatoka hapa, hasa katika mwendo wa kasi na wakati wa kufunga breki.

Kazi ya tatu husahauliwa na wengi. Gari linapopita katika njia mbovu, gurudumu moja hupanda juu ya jiwe na jingine hutumbukia shimoni. Ekseli huinama, na springi nayo hujipinda upande. Kitanzi cha springi hakibaki sambamba na bolti yake, bali huenda mshazari. Bushi nzuri sharti ikubali mshazari huo bila kuusukuma wote kwenye bolti na chesisi.

Kazi hizi zinapingana. Ya pili inataka ukakamavu. Ya kwanza na ya tatu zinataka ulaini. Kuchagua maada ya bushi ni kutafuta mapatano baina yao.

MPIRA WA ASILI

Mpira wa asili hutokana na utomvu wa mti uitwao kisayansi Hevea brasiliensis, ambao asili yake ni bonde la mto Amazon. Katika Tanzania mti huu umepandwa Kihuhwi, wilayani Muheza, na Kalunga, katika bonde la Kilombero. Utomvu mbichi ukikauka hunata wakati wa joto na hukakamaa wakati wa baridi, hivyo haufai kwa bushi. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa hupoteza tabia hiyo, na mwaka 1844 alipewa hataza ya ugunduzi huo. Kazi hiyo huitwa valkanaizesheni.

Sababu yake imo katika molekuli. Mpira ni polima, yaani molekuli zake ni minyororo mirefu sana iliyojikunjakunja kama nyuzi katika kifundo cha sufi. Mpira unapovutwa, minyororo hiyo hunyooka. Unapoachiwa, hujikunja tena. Katika mpira mbichi minyororo huweza kupitana na kutorudi ilikotoka. Atomu za salfa hufunga mnyororo mmoja na mwingine hapa na pale, kama mafundo ya wavu. Wavu huweza kuvutwa na kubadilika umbo, lakini ukiachiwa hurudi. Viwandani huongezwa pia masizi ya kaboni, ambayo huuongezea mpira nguvu ya kustahimili kuchanika na kuufanya uwe mweusi.

Mpira wa asili una sifa moja inayoufanya ufae sana kwa bushi. Unapovutwa mno, baadhi ya minyororo yake hujipanga sambamba na kufanya fuwele ndogo ndogo. Fuwele hizo hutokea hasa penye ncha ya ufa, mahali ambapo mvuto ni mkubwa kuliko pengine, nazo huuzuia ufa usiendelee. Ndiyo maana mpira wa asili huweza kusokotwa na kurudi mara mamilioni kabla ya kuchoka.

Pamoja na hayo mpira una maadui watatu. Adui wa kwanza ni mafuta ya petroli na jamii yake. Molekuli za mafuta hayo zinafanana kitabia na zile za mpira, hivyo hupenya kati ya minyororo na kuivimbisha. Mpira uliovimba huwa laini, hupoteza nguvu na hatimaye humeguka. Desturi ya kupulizia oili chafu au dizeli chini ya gari baada ya kulisafisha, ili kuzuia kutu na milio ya springi, huziua bushi za mpira polepole.

Adui wa pili ni ozoni iliyomo hewani, ambayo huikata minyororo penye viungo vyake viwili-viwili vya kaboni. Mpira ulio katika hali ya kuvutwa hupata nyufa zinazokatisha mwelekeo wa mvuto. Adui wa tatu ni joto, ambalo huharakisha kazi ya oksijeni. Bushi iliyo karibu na bomba la ekzosi huzeeka mapema kuliko wenzake.

Maadui hawa wawili wa mwisho hufanya kazi hata dukani. Bushi iliyokaa rafuni miaka mingi ndani ya boksi lake la asili si mpya, ingawa haijafungwa katika gari lolote.

UGUMU KWA HESABU

Ugumu wa mpira hupimwa kwa kipimo kiitwacho Shore A. Sindano butu hukandamizwa juu ya mpira, na jinsi inavyozama kidogo ndivyo namba inavyokuwa kubwa, kuanzia 0 hadi 100. Bushi za mpira kwa kawaida huwa kati ya 50 na 70. Bushi za poliyurethani huwa kati ya 70 na 95.

Namba hizi humdanganya asiyezizoea. Mtu hudhani mpira wa 70 umezidi kidogo tu ule wa 50. Ukweli wake huonekana katika kukokotoa ukakamavu.

Fikiria rundo la karata juu ya meza. Karata ya juu ikisukumwa upande, rundo zima huegama, kila karata ikiwa imesogea kidogo kuliko ile ya juu yake. Mpira wa bushi hufanya vivyo hivyo bomba la nje linapogeuka na la ndani likibaki. Kipimo cha kuegama, yaani mwegamo, hupatikana kwa kugawanya umbali uliosogea kwa unene wa mpira.

Chukua bushi ya mfano ambayo mpira wake una unene wa milimeta 6 na urefu wa milimeta 60, na nusukipenyo cha katikati ya mpira ni milimeta 12. Kitanzi kikigeuka nyuzi 10, umbali unaosogea katika nusukipenyo hicho ni:

12 × 10 × 3.14 ÷ 180 = milimeta 2.1

Mwegamo ni 2.1 ÷ 6 = 0.35, yaani asilimia 35.

Mpira wenye ugumu wa 50 una moduli ya mwegamo ya takriban nyutoni 0.64 kwa milimeta mraba. Eneo la mpira katika nusukipenyo cha katikati ni 2 × 3.14 × 12 × 60, yaani takriban milimeta mraba 4,520. Kani inayohitajika ni 0.64 × 0.35 × 4,520, yaani nyutoni 1,010 hivi. Ikizidishwa kwa nusukipenyo cha meta 0.012, hupatikana momenti ya takriban nyutoni-meta 12.

Mpira wenye ugumu wa 70 una moduli ya takriban nyutoni 1.73 kwa milimeta mraba. Hesabu ile ile hutoa takriban nyutoni-meta 33. Namba ya ugumu imepanda kutoka 50 hadi 70, lakini ukakamavu umekuwa karibu mara 2.7. Kani yote hiyo ya ziada hubebwa na bolti, kitanzi na chesisi. Katika gari ambalo chesisi yake imeliwa na kutu kwa miaka 50, hilo si jambo dogo.

POLIYURETHANI

Poliyurethani iligunduliwa mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani. Molekuli zake ni minyororo yenye vipande laini na vipande vigumu vinavyopokezana. Vipande laini huipa unyumbufu, na vipande vigumu hushikana na kufanya kazi ya mafundo. Kwa kubadilisha uwiano wa vipande hivyo, kiwanda huweza kutengeneza kitu laini kama sifongo cha godoro au kigumu kama gurudumu la toroli.

Faida zake ni za kweli. Haidhuriwi kwa urahisi na oili wala grisi, haipasuliwi na ozoni, na hustahimili sana kukwaruzwa. Zaidi ya hayo, bushi nyingi za poliyurethani huja katika vipande viwili vinavyosukumwa kwa mkono au kwa jiliwa, ilhali bushi ya mpira yenye bomba la nje la chuma huhitaji mashine ya kushindilia. Kwa karakana ndogo tofauti hiyo ina uzito wake.

Lakini kwa kawaida bushi ya poliyurethani haikugandishwa kwenye bomba lake la ndani. Springi inapogeuka, poliyurethani huteleza juu ya bomba. Bushi iliyokuwa ikijisokota sasa imekuwa bushi ya msuguano, na sheria zake ni nyingine.

Katika bushi ya mpira, momenti hulingana na pembe: pembe ndogo, momenti ndogo. Kwa bushi ya mfano, nyuzi 1 huhitaji nyutoni-meta 1.2 tu. Katika bushi inayoteleza, momenti haitegemei pembe bali mzigo. Ikiwa mzigo ni nyutoni 3,000, kizio cha msuguano ni 0.3 na nusukipenyo cha bomba ni meta 0.009, momenti ya msuguano ni:

0.3 × 3,000 × 0.009 = nyutoni-meta 8.1

Mpaka kiasi hicho kifikiwe, bushi haianzi kuteleza. Kokoto ndogo za barabarani, ambazo zingemezwa na mpira, hupita moja kwa moja hadi kwenye chesisi na kiti cha dereva. Grisi hupunguza msuguano, lakini grisi huondoka, na mchanga na vumbi huingia mahali pake. Mtumiaji wa poliyurethani sharti akubali kuifungua na kuipaka grisi ya silikoni, au ile iliyotajwa na mtengenezaji, kila baada ya muda.

Jambo jingine ni unyevu. Zipo poliyurethani za jamii mbili kuu, ya esta na ya etha. Ile ya esta huvunjwa na maji polepole, hasa penye joto. Wakazi wa Tanga, Mombasa na Unguja wameona viatu vilivyohifadhiwa kabatini vikimeguka soli siku ya kuvaliwa. Soli za namna hiyo mara nyingi ni za poliyurethani iliyovunjwa na unyevu wa hewa. Kwa gari la pwani, basi, jamii ya etha ndiyo inayofaa, na mnunuzi ana haki ya kuuliza.

NAILONI, ASETALI NA SHABA

Nailoni ilivumbuliwa mwaka 1935 na Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont, Marekani. Ni ngumu na huteleza vizuri, lakini aina yake iitwayo nailoni 6,6 hunyonya maji, na ikiloa kabisa huweza kushika karibu asilimia 8 ya uzito wake. Inaponyonya hutanuka. Bushi iliyochongwa ikaenea barabara wakati wa kiangazi huweza kubana wakati wa masika. Asetali hunyonya maji kidogo sana, hivyo hubaki na vipimo vyake.

Shaba, hasa ile iliyochanganywa na bati, ilitumiwa kwa bushi za springi katika magari mengi ya mwanzo, nayo hutumiwa bado katika malori. Hudumu miaka mingi ikiwa inapata grisi safi kila mara. Ikikosa grisi huliwa, au hula bolti yake.

Maada hizi tatu zina kasoro moja kwa gari la springi za mabamba: hazikubali mshazari. Kitanzi kinapoinama, bushi ngumu hugusa bolti kwenye kingo zake mbili tu. Mzigo wote hukusanyika katika kingo hizo, na kanieneo hapo huwa kubwa mno. Kwa hiyo nailoni na shaba zinafaa zaidi mahali penye mzunguko wa kweli usio na mshazari, kama vile ekseli ndogo za mikono ya pedali.

BUSHI ZA MATAIRI MAKUUKUU

Katika karakana nyingi bushi huchongwa kutoka matairi makuukuu. Si jambo la kudharauliwa, kwani limelirudisha nyumbani gari lililokwama mbali na mji. Lakini tairi si mpira mtupu. Ndani yake mna tabaka za nyuzi au waya, na tabaka hizo huufanya mpira uwe mkakamavu upande mmoja na laini upande mwingine. Tena bushi hiyo haikugandishwa kwenye chuma, hivyo huzunguka na kujisaga. Inafaa kwa safari ya kufika karakana; haifai kuachwa katika gari linalobeba abiria kila siku.

JINSI YA KUCHAGUA

Kabla ya kununua, ni vema maswali matano yafuatayo yajibiwe.

1. Je, mahali hapo pana mshazari? Kama upo, kama ulivyo katika springi za mabamba, mpira uliogandishwa kwenye chuma ndio wa kwanza kufikiriwa.

2. Je, mahali hapo hudondokewa na mafuta? Kama injini au giaboksi inavuja, dawa ya kwanza ni kuziba uvujaji. Kama hauzibiki, poliyurethani ina haki yake.

3. Je, gari hukaa wapi? Pwani kuna unyevu na joto, na barabara kavu za bara zina vumbi. Unyevu huidhuru poliyurethani ya esta. Vumbi hudhuru kila bushi inayoteleza.

4. Je, mwenye gari atapaka grisi kwa wakati? Ahadi isiyotimizwa ni mbaya kuliko bushi isiyohitaji grisi.

5. Je, chesisi ni nzima? Chesisi iliyoliwa na kutu isiongezewe bushi kali.

Kwa Land Rover inayotumiwa katika kazi za kawaida, majibu ya maswali haya mara nyingi huelekea kwenye bushi ya mpira yenye vipimo na ugumu uleule uliowekwa kiwandani. Mpira huo ukipasuka baada ya miaka mingi haukushindwa kazi yake. Umepokea misukosuko ambayo vinginevyo ingepokewa na chuma, na bushi ni rahisi kubadilishwa kuliko chesisi.

Mnunuzi auchunguze mpira mwenyewe. Aukunje ukingo wake kwa kidole gumba na kutazama kama nyufa ndogo zinafunguka. Atazame pia kama bomba la ndani liko katikati kabisa, na kama mpira umeshikana na chuma pande zote.

KOSA LINALOUA BUSHI NJEMA

Bushi bora huweza kuuawa siku ile ile inapofungwa. Fundi hulinyanyua gari, magurudumu yakaning'inia, akatia bushi mpya na kukaza bolti kabisa. Kisha hulishusha gari. Springi hunyooka kwa uzito, na vitanzi hugeuka. Lakini bomba la ndani limekwisha kubanwa, hivyo mpira husokotwa kabla gari halijatembea hata hatua moja.

Rudi kwenye bushi ya mfano. Kama kitanzi hugeuka nyuzi 20 gari linaposhushwa, mpira utakaa siku zote katika mwegamo wa asilimia 70. Barabarani, springi ikicheza nyuzi 10 juu na nyuzi 10 chini, mwegamo utakuwa kati ya asilimia 35 na asilimia 105. Kama bolti zingekazwa gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, mchezo ule ule ungekuwa asilimia 35 upande huu na asilimia 35 upande ule. Mpira ni ule ule, gari ni lile lile, lakini bushi ya kwanza itapasuka mapema, na lawama itaangukia mpira.

Kanuni, basi, ni hii: bolti zitiwe zikiwa zimelegea, gari lishushwe, litikiswe mara chache ili springi zikae, ndipo bolti zikazwe. Kanuni hii ni ya bushi za mpira zisizoteleza.

Wakati wa kazi yote gari liegemezwe juu ya stendi imara, wala si jeki peke yake. Bushi kuukuu zisichomwe moto ili kuzitoa, kwa kuwa moshi wake una sumu. Bomba la nje lililoganda huweza kukatwa kwa msumeno wa chuma kutoka ndani, kwa uangalifu, bila kugusa kitanzi cha springi.

MAJARIBIO KWA DARASA

Jaribio la kwanza: mpira na mafuta. Chukua mipira mitatu ya kufungia karatasi iliyo sawa. Pima urefu na uzito wa kila mmoja. Mmoja uwekwe katika oili ya injini, wa pili katika maji, wa tatu uachwe hewani. Baada ya siku 7 ifutwe na kupimwa tena, kisha kila mmoja utundikiwe mawe ya mizani mpaka ukatike. Matokeo yaandikwe katika jedwali. Oili iwekwe mbali na moto.

Jaribio la pili: kuegama na kuteleza. Gandisha kipande cha sifongo kati ya vibao viwili, na chora mistari ya wima ubavuni mwake. Kivute kibao cha juu kwa mizani ya springi, ukisoma kani kila kinaposogea milimeta 2. Kisha weka kibao kingine, chenye jiwe juu yake, juu ya msasa, nacho ukivute vivyo hivyo. Chora grafu mbili za kani dhidi ya umbali. Ya kwanza itapanda polepole kuanzia sifuri. Ya pili itaruka kwanza, ndipo kibao kisogee. Grafu hizo ndizo tofauti kati ya bushi inayojisokota na bushi inayoteleza.

MASWALI

1. Eleza kwa nini bushi ya mpira haihitaji grisi, na kwa nini grisi ya kawaida huweza kuidhuru.

2. Bushi ina mpira wenye unene wa milimeta 5 na nusukipenyo cha katikati cha milimeta 15. Kitanzi kikigeuka nyuzi 12, kokotoa umbali unaosogea na asilimia ya mwegamo.

3. Fundi mmoja anasema, "Mpira wa 70 ni mgumu kidogo tu kuliko wa 50." Msahihishe kwa kutumia hesabu.

4. Gari moja linakaa Tanga na jingine Dodoma. Taja maada ya bushi ambayo ungeichagua kwa kila moja, na utoe sababu.

5. Kwa nini mtu anayetafuta gari lisilopiga kelele asikaze bolti za bushi za mpira wakati magurudumu yananing'inia?

Jibu la swali la 2: milimeta 3.14, asilimia 63.